Mifunguo Tisa na Majuma Arobaini

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa letu, aghalabu mawazo yetu hukimbilia ngoma, mavazi, ngano na mashairi. Hayo yote ni mema na yanastahili kuhifadhiwa. Lakini yako mambo mengine ya utamaduni ambayo hayachezwi uwanjani siku za sherehe wala hayawekwi katika nyumba za makumbusho, na mojawapo ni namna watu wanavyohesabu siku. Mkulima huhesabu apate kujua lini apande. Nahodha huhesabu apate kujua lini atweke tanga. Na mwanamke mwenye mimba huhesabu apate kujua lini atashikwa na uchungu. Hesabu hii ya tatu haijaandikwa sana, labda kwa sababu waandishi wetu wengi wamekuwa wanaume, na mwanamume siku hizo hutolewa nje akae barazani na kahawa yake mpaka aitwe. Katika makala haya nakusudia kueleza hesabu hiyo ilivyokuwa katika pwani yetu, ilivyokutana na hesabu ya hospitali, na mambo yaliyompata mwanamke ambaye siku zake zilitimia na mtoto asije.

Na tuanze na lugha. Mswahili wa pwani hasemi wazi kwamba mwanamke anapata hedhi. Husema ameingia mwezini. Wengine hudhani kwamba huo ni msemo wa adabu tu, wa kufunika jambo la faragha. Adabu imo, lakini imo na elimu pia. Mwezi wa mbinguni ndio uliokuwa kalenda ya nyumba, na mwanamke aliulinganisha mwili wake na mwezi huo. Akipita mwandamo mmoja bila kuingia, alijua amekosa mwezi. Ikipita miandamo miwili, alimwambia mama yake. Ikipita mitatu, hapakuwa na haja ya kumwambia mtu, kwani majirani walikwisha kujua.

Miezi hiyo Waswahili waliipa majina yao wenyewe. Baada ya Ramadhani huja Mfunguo Mosi, ambao ndio Shawwal ya Waarabu, kisha Mfunguo Pili, kisha Mfunguo Tatu, mwezi wa kuchinja. Mfunguo Sita ni mwezi wa Maulidi. Na hesabu huendelea hivyo mpaka Mfunguo Tisa. Baada yake hufuata Rajabu, Shaabani na Ramadhani, na mwaka umekwisha. Mwaka wa Kiislamu kwa desturi ya Waarabu huanza na Muharram, lakini Waswahili huuita mwezi huo Mfunguo Nne, kwa maana wao walianza kuhesabu pale watu wanapofungua saumu. Ni mpango wao wenyewe.

Sasa atazame msomaji jambo hili. Mifunguo ni tisa, na mimba husemwa kuwa ni ya miezi tisa. Siku ya Idi watu hufungua, na siku ya kuzaa mwanamke hujifungua. Sidai kwamba desturi moja imezaa nyingine, na mwanafunzi asije akaandika hivyo katika mtihani. Maneno yote mawili yametoka katika kitenzi kufunga, na kitenzi hicho kina watoto wengi. Lakini sikio lililozoea mashairi haliwezi kuyasikia maneno hayo pamoja lisiyaweke karibu. Na kwa mwanamke aliyeshika mimba mara baada ya Idi, jambo hili halikuwa la sikio peke yake. Kalenda yake ilikuwa imekwisha kupangwa tayari, na kila mwezi uliitwa kwa namba.

Haidhuru tukumbuke kwamba pwani ilikuwa na mwaka wa pili, mwaka wa jua, unaoanza siku ya Nairuzi na kugawanywa katika miongo ya siku kumi kumi. Mwaka huu ndio wa wakulima na mabaharia, na mpaka leo watu wa Makunduchi, Unguja, huufungua mwezi wa Julai kwa sherehe ya Mwaka Kogwa. Kwa kadiri nilivyosikia kwa wazee, mimba haikuhesabiwa kwa miongo. Shamba lilifuata jua na tumbo lilifuata mwezi. Huko bara watu wengi walihesabu kwa majira: mimba iliyoonekana wakati wa palizi ilitazamiwa kuzaliwa mavuno yamekwisha kuingia ghalani. Wafugaji walikuwa na kipimo kingine kilichokuwa zizini mwao, maana ng'ombe huchukua mimba kiasi cha siku 283, karibu sawa na binadamu.

Hapa ndipo penye kiini cha shauri letu, nami namwomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo. Mwezi wa mwandamo una siku 29 na nusu na kitu. Ukizidisha mara tisa utapata siku 266. Na wataalamu wa uzazi wa leo wanasema kwamba tangu mimba kutungwa mpaka mtoto kuzaliwa, wastani ni siku 266. Basi wale waliodhani kwamba bibi zetu walikuwa wakikisia wameonja aibu kidogo: miezi tisa ya mwandamo ndiyo mimba yenyewe, wala si kisio.

Taabu ni kujua pa kuanzia. Siku ya kutungwa mimba haina alama. Inayoonekana ni siku ya hedhi ya mwisho, na hiyo hutangulia kiasi cha majuma mawili. Mganga wa Kijerumani, Franz Karl Naegele, aliyefundisha ukunga katika mji wa Heidelberg na kufariki mwaka 1851, aliieneza kanuni ambayo kila muuguzi wa kliniki anaijua hata kama hajui jina la mwenyewe: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku saba, rudi nyuma miezi mitatu, na hiyo ndiyo tarehe ya kutazamia kuzaa katika mwaka unaofuata. Jumla yake ni siku 280, yaani majuma arobaini. Kwa hesabu hii mwanamke huhesabiwa kuwa na mimba kwa majuma mawili ambayo hana mimba bado. Wanafunzi wakisikia hivyo hucheka, na wana haki ya kucheka, lakini hesabu yenyewe inafaa kwa sababu imeanza na siku inayoweza kukumbukwa.

Matokeo yake ni haya. Mwanamke anayehesabu miandamo tisa kutoka siku ya hedhi yake ya mwisho atafika mwisho wa hesabu siku 14 kabla ya kadi ya kliniki. Anayehesabu miezi tisa kwa kalenda ya ukutani, Januari mpaka Desemba, atafika kiasi cha siku sita kabla ya kadi. Kwa hiyo katika nyumba moja bibi anaweza kusema mtoto amechelewa, baba akasema siku zimetimia, na muuguzi akasema bado, na wote watatu wakawa wamehesabu sawasawa. Tena kanuni ya Naegele hudhani kwamba kila mwanamke huingia mwezini baada ya siku 28, jambo ambalo si kweli kwa wengi. Tena mimba ya kwanza ina ukaidi wake: uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 1990 uliona kwamba mimba za kwanza za wanawake wenye afya waliopimwa huko ziliipita kanuni hiyo kwa siku nane kwa wastani.

Kadi ya kliniki haikufika kwetu kwa siku moja. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1903, alianza na habari za uzazi, na katika ulimwengu ule mkunga ndiye mwenye amri. Hospitali zilikuwako mijini. Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo, alikwisha kutoa mali yake hospitali ijengwe Dar es Salaam kabla hajafariki mwaka 1897, na Nairobi ilipata nyumba ya wazazi ya Pumwani mwaka 1926. Lakini kwa mwanamke wa kijijini hizo zilikuwa habari za mbali. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zahanati zilianza kuenea vijijini, na katikati ya miaka ya 1970 huduma ya mama na mtoto ikapangwa kwa nchi nzima. Ndipo swali lile la hedhi ya mwisho likaanza kuulizwa kila mahali, na ndipo hesabu mbili zikaanza kugombana ndani ya nyumba moja.

Mfano ninaoujua vizuri ni wa mama yangu mzazi. Alinisimulia habari hii mara nyingi, nami nimeilinganisha na kalenda nikaona inakubaliana. Wakati huo alikaa ng'ambo ya kusini ya Mto Pangani, na hospitali ilikuwa mjini, ng'ambo ya pili. Alikuwa bi harusi wa mwaka mmoja. Katika Ramadhani iliyokwisha mwezi wa Novemba 1971, aliingia mwezini siku nne kabla ya Idi. Aliijua siku hiyo bila shaka yoyote, kwani mwanamke aliye mwezini hafungi, na siku asizofunga huzilipa baadaye. Naye alikuwa akidaiwa siku nne na alikuwa amezitia moyoni kama anavyozitia mtu deni la dukani. Mwezi wa Mfunguo Mosi ukapita asiingie. Kwa mkunga wake, ambaye alikuwa bibi yake mzaa mama, basi: Mfunguo Mosi ndio mwezi wa kwanza, na mtoto ni wa Mfunguo Tisa.

Mfunguo Tisa ulikwisha tarehe 10 Agosti 1972 hivi. Rajabu ukaandama. Mama alikuwa amekwisha kuandaa nguo na kanga za kupokelea, ufuta na pilipili manga vya uji wa mzazi vimo mkobani, na kila asubuhi jirani mmoja alipita akauliza, "Bado?" Alisema kwamba swali hilo la neno moja lilimchosha kuliko tumbo. Miguu ilikuwa imevimba. Usiku hakuweza kulala ubavu wowote. Uchungu wa uongo ulimjia jioni, ukamkaza kiuno, mavyaa akachemsha maji, na kabla maji hayajachemka ukaondoka. Jambo hilo likatokea mara tatu. Mara ya tatu hakumwambia mtu.

Siku ya saba ya Rajabu wifi mmoja, aliyekuwa mkubwa, alimwuliza kwa upole kama hana neno moyoni la kulisema. Mama alilielewa swali. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, pwani na bara, uchungu ukikawia au ukiwa mgumu hudhaniwa kwamba kuna zinaa iliyofichwa, ya mke au ya mume, na kwamba mtoto hatatoka mpaka ikirwe. Wako wanawake waliolazimishwa kukiri jambo wasilolitenda, hali nguvu zinawaishia na damu inawatoka. Mimi naihesabu desturi hii kuwa katika zile ambazo hatuna haja ya kuzihifadhi, na siombi radhi kwa kusema hivyo katika kitabu cha utamaduni. Bibi mkunga alilisikia lile swali akiwa ukumbini. Alimwambia wifi yule akachote maji.

Bibi hakuwa mtu wa kudharau dawa. Alimkanda mjukuu wake kwa mafuta ya nazi, akamwandikishia kombe kwa mwalimu, aya zikaandikwa kwa zafarani katika sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, naye akanywa. Lakini dawa za mizizi za kuongeza uchungu, ambazo wakunga wengine walizitoa, hakumpa. Alisema amewahi kumwona mwanamke aliyepewa dawa hizo kabla ya wakati, uchungu ukamjia bila kupumzika, na akamzika. Siku hizi tunajua sababu yake: baadhi ya mizizi na majani hayo hulikaza tumbo la uzazi kwa nguvu isiyopimika, na tumbo likikazwa hivyo huweza kupasuka. Bibi hakulijua jina la jambo hilo, ila alijua kaburi lilipo.

Kadi ya kliniki ilisema tarehe 22 Agosti. Mama alipoipeleka kwa bibi yake na kumwelezea, alitazamia ugomvi. Bibi alinyamaza, akahesabu vidole, akauliza hospitali ilianzia wapi. Alipoambiwa imeanzia siku nne kabla ya Idi akasema, "Basi hawa wanahesabu na wakati chungu kilipokuwa kitupu." Hata hivyo hakuikataa kadi. Tarehe 22 ilipopita bila uchungu aliamua mwenyewe kwamba sasa hesabu zote mbili zimekwisha, akamvusha mjukuu wake kwa kivuko wakakae mjini kwa shangazi, karibu na hospitali. Baba alitaka kungojea uchungu uanze ndipo wavuke. Bibi alimwuliza kama kivuko hufanya kazi usiku.

Uchungu ulianza kweli baada ya Isha, siku ya nane tangu tarehe ya kadi. Kulipopambazuka chupa ikapasuka, na maji yake hayakuwa meupe bali ya kijani, kwa sababu mtoto alikwisha kujisaidia tumboni. Wauguzi wakafanya haraka. Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, mwembamba na mrefu, ngozi ikibambuka viganjani na nyayoni kama ya mtu aliyeshinda majini, na kucha zimepita ncha za vidole. Bibi alipoonyeshwa alisema kwamba mgeni huyu angekuwa amekuja na wembe wake. Mtoto huyo ndiye aandikaye makala haya.

Nimeieleza ngozi ile na kucha zile kwa makusudi. Mwaka 1902 mganga wa Edinburgh aitwaye Ballantyne aliandika juu ya mtoto aliyepitiliza siku tumboni, na mwaka 1954 Mmarekani Stewart Clifford akazipanga alama zake: ngozi kavu inayobambuka, kucha ndefu, mwili uliokonda, maji yaliyochafuka. Sababu ni kondo la nyuma. Kondo ni kiungo cha muda. Hufanya kazi yake kwa miezi hiyo kisha huzeeka, na likizeeka chakula na hewa hupungua, maji ya chupa nayo hupungua. Watoto wengi huvumilia. Wengine hufa kabla uchungu haujaanza, na hatari hiyo huanza kupanda baada ya juma la 41 na kuzidi baada ya 42. Mimba iliyofika siku 294, ndiyo majuma 42 kamili, ndiyo inayoitwa rasmi mimba iliyopitiliza. Kwa hiyo hofu ya wakunga wa kale juu ya mwezi wa kumi ilikuwa na msingi. Walichokosa ni kipimo cha kutofautisha mimba iliyochelewa na hesabu iliyowahi.

Hesabu hiyo haikuishia chumbani kwa mzazi. Ilifika mpaka kwa kadhi. Mume akisafiri na chombo au akifa, na mke akazaa baadaye, mtoto ni wa nani? Wanazuoni wa Kiislamu walikubaliana kwamba muda mfupi kabisa wa mimba ni miezi sita, wakiutoa katika aya za Kurani zinazotaja miezi thelathini ya kubeba na kuachisha na miaka miwili ya kunyonyesha. Juu ya muda mrefu kabisa walihitilafiana. Madhehebu ya Hanafi yalisema miaka miwili. Ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani yetu, yalikubali hata miaka minne. Msomi wa sayansi akisoma hivyo hucheka, kama wanafunzi walivyocheka juu ya majuma mawili. Mimi naona afadhali atazame kazi iliyofanywa na kanuni hiyo. Mahali ambapo tuhuma ya zinaa ni jambo kubwa, muda mrefu namna hiyo uliwafunga midomo wasengenyaji, ukampa mjane heshima yake na mtoto wake nasaba na urithi. Nchi ya Misri ilibadilisha jambo hili kwa sheria ya mwaka 1929 iliyoweka mpaka wa siku 365.

Waingereza walileta kanuni nyingine. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo waliitumia pia katika Afrika ya Mashariki, ilisema kwamba mtoto aliyezaliwa katika siku 280 tangu ndoa kuvunjika, hali mama hajaolewa tena, ni mtoto halali wa ndoa ile; na idadi hiyo ya siku ikaingia katika sheria za ushahidi zilizotungwa baada ya uhuru. Nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi za serikali na nimewaona makarani wakidhani kwamba 280 hizi ni zile zile za Naegele. Sizo. Za hospitali zinaanza na hedhi. Za sheria zinaanza na siku ya mwisho wa ndoa, ambayo mimba huweza kutungwa siku hiyo hiyo. Ukizipima kwa kipimo cha kliniki, siku 280 za sheria ni siku 294, yaani majuma 42 barabara. Aliyezitunga, kwa kujua au kwa bahati, alimwachia mama majuma mawili ya kuchelewa. Mtoto wa siku ya 281 hahukumiwi kuwa haramu. Ila mama yake hupoteza ngao na kulazimika kuthibitisha. Huko kwao Uingereza majaji nao walipata taabu: mwaka 1949 mahakama ilikubali kwamba mtoto aliyezaliwa siku 349 tangu mume aondoke aweza kuwa wake, na mwaka 1951 Baraza la Malodi likakataa siku 360.

Baada ya kujua kwamba mimba imepitiliza, la kufanya ni nini? Ulaya nayo ilikuwa na dawa zake za jikoni. Mafuta ya nyonyo yalitumika katika hospitali zao hata ndani ya karne ya 20. Mwaka 1906 Henry Dale wa Uingereza aliona kwamba maji yatokayo katika tezi iliyo chini ya ubongo hulikaza tumbo la uzazi la mnyama. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud wa Marekani akaweza kuitengeneza kwa mikono dawa iliyomo katika maji hayo, oksitosini, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel. Hiyo ndiyo dawa ya dripu wanayoijua mama wengi.

Kuna sura ya habari hii ambayo wanafunzi wetu hawaambiwi, nayo ilitukia hapa hapa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1968, katika chuo cha Makerere, Kampala, Sultan Karim na wenzake walitangaza kwamba wameanzisha uchungu wa uzazi kwa kutumia prostaglandini, kemikali ambayo mwili wenyewe huitengeneza. Katika mwaka ule jambo hilo lilikuwa jipya duniani. Dawa za ukoo huo, zinazolainisha mlango wa uzazi kabla ya uchungu, sasa zimo katika hospitali za kila bara. Walimu wa sayansi wanaotafuta mfano wa ugunduzi uliotoka kwetu wangefanya vyema kuutaja huo. Na mwaka 1972 waganga wa mji wa Salisbury, ambao sasa ni Harare, walitangaza mchoro wa kufuatia maendeleo ya uchungu, uliokusudiwa uwasaidie wakunga kujua mapema nani apelekwe hospitali kubwa. Mchoro huo baadaye ulienea ulimwenguni.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mwanamke ambaye imejulikana kwa hakika kuwa amefika juma la 41 aanzishiwe uchungu, na kwamba asiyefika, akiwa hana tatizo jingine, asiharakishwe. Maneno "kwa hakika" ndiyo mazito katika shauri hilo. Kipimo cha mawimbi ya sauti, ambacho Ian Donald wa Glasgow alikitangaza mwaka 1958, kikitumiwa mapema katika mimba hutoa umri wake vizuri kuliko hesabu yoyote ya hedhi. Lakini mama wengi wa vijijini hufika kliniki mimba ikiwa kubwa, na wakati huo kipimo nacho huanza kukisia. Hapo muuguzi hurudi kwenye swali la kale.

Nimewasikia wauguzi wa pwani wakiliuliza swali hilo kwa namna ambayo haimo katika vitabu vyao vya mafunzo. Mama akisema hakumbuki tarehe, haulizwi tena tarehe. Huulizwa: Ramadhani iliyopita ulikula siku ngapi? Ulikula mwanzo wa mwezi, au kumi la mwisho? Umekwisha kuzilipa? Mama hujibu mara moja, na muuguzi hufungua kalenda ya mwandamo iliyotundikwa ukutani, akahesabu, kisha akaandika katika kadi tarehe ya Kizungu.